Mpangaji Mkuu

Wakala alipogonga, Mama Mpango alikuwa peke yake, na mtu aliyeshinda peke yake hukaribisha hata mdai. Alimfungulia kijana wa watu, akamvutia kile kiti kisichoyumba, akamwuliza kama atakunywa chai.  Wakala alikuwa anahema, maana ghorofa ya nne bila lifti si mchezo kwa mtu mwenye kitambi.

"Natafuta mpangaji," alisema alipopata pumzi.

"Ndiye mimi," Mama Mpango akajibu, na uso wake ukang'aa. "Mpangaji mkuu. Nani kakuelekeza?"

Miaka mingi ilikuwa imepita tangu mtu apande ngazi zile kumtafuta kwa cheo chake. Alidhani huyu ni mwandishi wa gazeti, au mwanachuo anayetafuta wazee wa kuwahoji. Kichwani alishaanza kuchagua atamsimulia lipi kwanza.

"Basi tutaelewana haraka," wakala alisema akifungua simu yake. "Mwenye nyumba mpya anakusalimu. Kodi inaanza mwezi ujao, na inalipwa ya miezi mitatu kwa mkupuo."

"Kodi ya nini?"

"Ya hapa."

"Hapa ni kwangu."

"Mama, si umesema sasa hivi wewe ni mpangaji?"

"Ndiyo. Mpangaji wa Wizara ya Mipango."

Wakala alicheka, kisha akaona anacheka peke yake. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa ng'ambo tu, amekuja na kazi yake na neno lake. Akaiweka simu mezani, akamwonyesha mama wa watu jina lake, dole gumba lake, na lile neno alilolitamka kwa kinywa chake mwenyewe.

Ili kulielewa balaa lenyewe, inabidi kuujua mto. Mto ulikuwa umewagawa watu wa lugha moja wakawa nchi mbili. Ng'ambo kila kitu kilikuwa na mwenyewe. Upande huu kila kitu kilikuwa chetu, maana yake hakikuwa cha mtu. Huku nyumba ziligawiwa na serikali, hakuna aliyelala kwa mtu kwa kumlipa, kwa hiyo mpangaji alikuwa wa aina moja tu: yule aliyekaa ofisini kupanga nchi itengeneze sufuria ngapi na vifuniko vingapi. Kule ng'ambo hakuna aliyeipangia nchi sufuria, na mpangaji alikuwa yule anayehamishwa akichelewa kulipa. Neno lilikuwa moja, ila kila ukingo wa mto ulikuwa na lake.

Kisha Chama kilichotawala huku kikaanguka, daraja likafunguliwa, na sheria ikatoka kwamba kila aliyegawiwa nyumba na serikali, nyumba hiyo iwe mali yake. Kazi ya kuhesabu ilipewa kampuni ya ng'ambo. Akapita kijana wake mmoja na kishikwambi, mlango kwa mlango, ana haraka.

"Mama, wewe humu ni nani?"

"Mpangaji mkuu."

"Nyumba ni ya nani?"

Hapo ndipo Mama Mpango alipojimaliza. Alimtazama yule kijana kama mwalimu anavyomtazama mtoto aliyekosa swali jepesi, akamwambia, "Ya umma, mwanangu. Nyumba ni ya umma." Akabonyeza dole gumba. Wengine wote jengoni walisema "yangu". Hata yule mlevi wa ghorofa ya kwanza, aliyekuwa anajistiri kwa shemeji yake, alisema "yangu", na leo ndiye mwenye nyumba na shemeji anamlipa yeye.

*

"Si ungesema tu 'yangu', Mama?"

Mwanawe alikuwa fundi wa lifti, na alikula akiwa amesimama kila alipokuwa na hasira. Mkewe, mshonaji, alikaa mezani akizungusha kijiko kwenye sahani bila kula.

"Ningekuwa nimesema uongo."

"Watu wote walisema!"

"Ndiyo. Na umma ukabaki na nyumba moja, yangu, nao umeiuza."

"Umma gani, Mama? Umma gani?"

"Mwache mama yako," mkewe akasema. "Kelele hazilipi kodi."

Hesabu haikuhitaji mtu wa wizara. Kodi ilizidi mshahara wa fundi, na mshahara wa mshonaji ulikuwa nusu ya ule wa mumewe. Wote watatu waliijua hesabu hiyo kabla sahani hazijaoshwa, lakini hakuna aliyeitamka, kwa sababu aliyekosea alikuwa anafuta meza.

Fundi alikwenda ofisi ya nyumba. Dirisha la kwanza lilimtuma la tatu, la tatu likamrudisha la kwanza, na aliporudi la kwanza mwenye dirisha alikuwa amekwenda kula. Alipopatikana, alisikiliza huku akichokonoa meno.

"Mama yako alilazimishwa?"

"Hapana."

"Swali alilisikia?"

"Alilisikia."

"Basi mwambie pole. Maji yakimwagika hayazoleki. Nani anafuata?"

Mwanasheria waliyemmudu alikuwa na chumba chini ya ngazi za duka la viatu, na kila mteja wa duka aliposhuka, vumbi lilimdondokea mwanasheria kichwani. Alilipangusa bila kukatiza maneno yake, mtu aliyeshazoea.

"Maneno ya mtu mwenye akili timamu hayafutiki," aliwaambia mume na mke. "Ya asiye na akili timamu ni kama hayakusemwa. Huo ndio mlango pekee ninaouona. Mzee anasahausahau?"

"Mama yangu?" fundi akacheka bila furaha. "Anakumbuka namba ya simu ya kila kiwanda kilichokufa."

"Basi msaidieni asahau. Kuna kamati ya watu watatu, mmoja ni daktari. Watamwuliza maswali ya kitoto. Akiyakosa, nyumba inarudi. Akiyapata, anzeni kufunga mizigo."

*

"Nyumba ichukueni," alisema Mama Mpango. "Akili zangu niachieni."

Alisema hivyo Jumatatu, na akanuna. Siku iliyofuata alivuta kiti, akaanza kupanga. Mkwe wake akishona hadi usiku wa manane kila siku, Jumapili ikiwemo. Fundi akipata kazi ya pili ya ulinzi. Chumba kimoja wakimpa mtu akae kwa malipo, wao watatu walale chumba kilichobaki. Chakula kipungue. Alipanga, akapangua, akapanga tena, na kila mara chini ya hesabu palibaki pengo.

Pengo kwake halikuwa jambo geni. Alipokuwa wizarani, sufuria zikipungua aliandika kwamba zitapatikana robo ya mwaka ijayo, wakubwa wakapitisha, nchi ikalala usingizi. Watu walimtania barabarani: "Mama Mpango, vifuniko tumeviona, sufuria zinakuja lini?" Naye alicheka nao, kwa sababu nyumbani kwake pia vilikuwepo vifuniko tu. Sasa hapakuwa na robo ijayo. Mwenye nyumba alitaka yake tarehe moja.

Mkwe wake alirudi usiku ukiwa umeanza kuingia, akaketi bila kuvua viatu. Karakana yao ilishona kola za mashati kwa maduka ya ng'ambo, kola tu, siku nzima. Shati zima hajawahi kuliona. Ncha za vidole vyake zilikuwa zimetoboka na kupona na kutoboka tena. Mama Mpango alivitazama vile vidole, akautazama mpango wake, ambao ulimtaka mwanamke huyu alale saa nne tu kwa siku. Alikuwa amewapangia watu wengi namna hiyo katika maisha yake, kwa tarakimu, bila kuwaona wakirudi nyumbani. Huyu alikuwa anamwona, na aliona haya.

"Mpigie Mama Mdogo," akamwambia mwanawe. "Aje anifundishe ujinga. Yeye kaishi kwa wajanja."

*

Mama Mdogo alivuka daraja Jumatano. Alikuwa ameolewa ng'ambo akiwa msichana, kabla daraja halijafungwa, na kwa miaka yote ile dada mtu aliamini mdogo wake anaogelea kwenye neema, na mdogo mtu aliamini dada yake anakula bure. Walipokutana tena baada ya daraja kufunguliwa, kila mmoja alikuwa na soksi zilizotiwa viraka.

"Kwetu madukani kulijaa vitu, mifukoni hamna kitu," alizoea kusema Mama Mdogo. "Kwenu mifukoni mlikuwa na hela, madukani vifuniko. Tungepeana taarifa mapema, tungeoneana huruma badala ya wivu."

Siku hiyo hakutania sana. Alimkalisha dada yake karibu na dirisha.

"Leo siku gani, dada?"

"Jumatano."

"Kosea."

"Alhamisi."

"Hilo ni kosa la mtu mwenye akili. Hata mimi hulikosea. Sema... sema 'jioni'."

"Nimeulizwa siku, nijibu jioni? Jibu halihusiani na swali."

"Ndiyo wazimu wenyewe huo! Unataka wazimu wenye utaratibu?"

Fundi aliyekuwa mlangoni akashindwa kujizuia, akacheka, na mama yake akacheka, na kwa kitambo kidogo nyumba ikawa kama ya watu wasio na shida. Kisha Mama Mdogo akarudi kwenye somo. Akamwonyesha namna ya kutazama ukutani anaposemeshwa, namna ya kuchelewa kujibu, namna ya kulishika pindo la nguo na kulikunja. Mama Mpango alikuwa mwanafunzi hodari. Alifanya mazoezi kwa bidii ileile aliyokuwa akifanyia kazi za ofisi, na hilo lilimwumiza mkwe wake kumtazama.

"Mimi nimehamishwa mpaka masanduku yangu sikuwa nikiyafungua," Mama Mdogo alimwambia dada yake wakati wa kuondoka. "Kwa umri wako huu usinifuate huko. Kichwa hakikupi paa, dada. Lisilo budi hutendwa."

"Na kichwa kikishatolewa sadaka, hilo paa anakaa nani chini yake?"

 Mama Mdogo alimfunga dada yake kitambaa vizuri kichwani, kisha akakivuta upande mmoja kikae kombo, kwa ajili ya mazoezi.

*

Ruhusa ya nusu siku mshonaji aliiomba mbele ya wenzake, kwa sababu msimamizi wa karakana hakuwa na desturi ya kusikiliza mtu faraghani.

"Mama mkwe anaumwa nini?"

"Kichwa."

"Kichwa changu kinauma kila siku, na niko hapa." Cherehani za jirani zilipunguza mwendo, watu wasikilize. "Nenda. Lakini leo huna malipo, na kesho utaanza meza ya mwisho, kwa vifungo."

Vifungo vililipa chini ya kola. Aliitikia "asante", akajichukia kwa asante ile njia nzima.

Kamati ilikaa kwenye ukumbi wa zamani wa mikutano ya Chama. Mbele walikaa watu watatu: mwenyekiti mwenye miwani, daktari, na karani wao. Pembeni alikaa wakala wa kampuni iliyoinunua nyumba, safari hii amevaa tai. Mama Mpango aliingizwa akiwa ameshikwa mkono na mwanawe, kitambaa kikiwa kombo.

"Leo ni siku gani, mama?" daktari akauliza.

Mama Mpango akatazama ukutani. "Jioni."

"Mia moja ukitoa saba, inabaki ngapi?"

Midomo yake ilianza kulifuata jibu kabla hajaikamata. Fundi aliona, akafumba macho. Lakini midomo ikasimama, mama akalikunja pindo la nguo, akalikunjua.

"Zinabaki nyingi," akasema.

Wakala akaomba kusema. "Waheshimiwa, mimi mama huyu namjua. Nilipokwenda kwake alinikaribisha vizuri, akanipa kiti kizima, akaniuliza kama nitakunywa chai. Alikuwa mzima kuliko mimi. Mama, unanikumbuka?"

Hilo hawakulifanyia mazoezi.  Mama Mpango alimtazama wakala kwa muda mrefu, toka viatu mpaka tai.

"Mume wangu," akasema. "Umenenepa huko ulikokwenda."

Watu waliokuwa wakisubiri zamu zao kwenye mabenchi wakaangua kicheko, karani akainamia karatasi zake, na wakala akaona haya, akaketi. Fundi alivitazama viatu vyake. Baba yake alikuwa amekufa kwa kukonda, katika nyumba ileile.

Mwenyekiti aligonga meza. Yeye hakuwa amecheka. Alivua miwani, akasema kwa upole, kama mtu anayetaka kumalizia kwa kitu chepesi: "Swali la mwisho, mama. Zamani ulikuwa ukifanya kazi gani?"

Angeweza kusema lolote. Angeweza kusema alikuwa rubani, au malkia, na mambo yangekwisha kwa kicheko kingine. Alifungua kinywa na lile neno likamjia, lile lile lake, limenyooka na cheo chake, na kila mtu wa nyumba yake aliliona likija. Mkwe wake akashika benchi kwa vidole vyote.

"Sikuwahi kufanya kazi," akasema Mama Mpango.

"Hata siku moja?"

"Hata siku moja. Nilikaa tu."

Kisha akalia. Alilia vibaya, kwa sauti, hakuna aliyemfundisha, na mwanawe alipomgusa bega alimsukuma mkono. Daktari akasubiri kidogo, kisha akamsomea karani aandike: mgonjwa hulia bila sababu.

*

Walishinda. Neno lilifutwa, nyumba ikarudi. Haikurudi kwa asiye na akili timamu, bila shaka. Ilirudi kwa mwanawe, kama mlezi wake, na pamoja nayo masharti. Mgonjwa asishike fedha. Mgonjwa asitembee peke yake. Na kwa mwaka mzima kampuni iliruhusiwa kulifungua shauri upya ikiwa na ushahidi kwamba mama ni mzima. Kampuni ilikuwa imenunua nyumba nyingine kadhaa katika jengo lile, na wakala akafungua ofisi katika mojawapo, ghorofa ya chini, mlango ukiwa wazi kutwa.

Mwanzoni walidhani wataweza. Asubuhi moja Mama Mpango alishuka na mkwe wake kununua mkate. Muuza duka alimjua tangu zamani, na habari alikuwa amezisikia, kama kila mtu. Mkwe alikuwa amemshikiza noti ili achague sabuni, muuza duka akaipokea kutoka mkononi mwa mama, akamrudishia chenji pungufu, akamtabasamia. Mama Mpango aliiangalia ile chenji kiganjani. Nyuma yake, mlangoni mwa duka, alisimama wakala akisubiri kununua vocha.

Mama Mpango alitabasamu pia, akaitia chenji mfukoni bila kuihesabu. Nusu ya ngazi akasimama, akashika ukuta.

"Kaniibia," alimnong'oneza mkwe wake. "Naye anajua najua."

"Nitarudi nimseme, Mama!"

"Utamwambia nani kahesabu?"

Tangu siku hiyo hakushuka tena. Majirani waliokuja kumjulia hali walisema naye kwa sauti ya juu na polepole, wakimshika shavu, na alipochoka kukunja pindo mbele yao alimwambia mwanawe awazuie. Jioni fundi alimsimulia habari za kazini, lakini taratibu hata yeye, bila kukusudia, alianza kumkatia mama yake nyama sahanini. Mama alimtazama akikata, akala.

Mkwe peke yake hakubadilika. Ndiye aliyebaki akimwuliza, "Mama, unaonaje?" Na ndiye aliyekuwa wa mwisho kutoka asubuhi, akimfungia mlango kwa nje.

Siku hiyo alikuwa amechelewa. Chini, hatua nzito za wakala zilisikika zikianza kupanda, maana alipenda kupita akigonga milango, kuuliza hali. Mkwe alisimama nje ya mlango, ufunguo mkononi.

"Nisifunge leo, Mama," alinong'ona kupitia upenyo. "Akigonga usijibu tu. Wewe si mfungwa."

"Funga, mwanangu. Akinikuta kumefunguliwa nitamkaribisha. Najijua. Nitamvutia kiti."

Mkwe akafunga, akageuka kuondoka.

"Umezungusha mara moja," sauti ikatoka ndani, karibu kabisa na mlango. "Zungusha na ya pili."